Mbweha Wanne wa Kabati la Tatu

Jumatatu, 16 Septemba

Siku imeanza vibaya na haikujirekebisha. Mkurugenzi wa makumbusho kaniita ofisini kabla sijavua kofia. Hakuniambia niketi. Nikajua mambo yameharibika.

Akasema mkaguzi kutoka makao makuu anakuja Ijumaa. Makumbusho yetu yana vyumba viwili, na makao makuu wanaona kimoja kinatosha. Kuna chumba cha ndege pale mbele, chenye madirisha makubwa na feni. Na kuna changu cha wanyama waliokaushwa, kule nyuma, ukishapita choo. Sikuhitaji kuuliza kipi kitafungwa. Wanyama wangu wataingizwa kwenye masanduku. Mimi nitapelekwa langoni kukata tiketi.

Langoni! Mimi! Miaka kumi na moja nimekaa na wale viumbe. Nguchiro na kicheche naweza kuwatofautisha wakiwa wamenipa mgongo.

Nikamuuliza kosa langu ni nini. Akasema wageni hawakai chumbani kwangu. Amewahesabia muda: wastani ni dakika nne, na dakika mbili kati ya hizo wanatafuta choo.

Koridoni nikakutana na Manyoya, msimamizi wa chumba cha ndege. Jina tulimpa sisi, na anafikiri ni la heshima. Akanipa pole huku anatabasamu. Mkononi alikuwa na futi kamba. Alikuwa ametoka kupima makabati yangu!

Nimerudi nyumbani sina hamu ya kula. Nimekula sahani mbili tu.

Jumanne, 17 Septemba

Nimepata mpango! Nao umetoka kwenye kitabu cha maoni ya wageni, ambamo kwa kawaida huandikwa habari za choo.

Mgeni mmoja kaandika hivi: kabati la tatu lina wanyama wanne na kadi moja iliyoandikwa MBWEHA, sasa mbweha halisi ni yupi?

Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa. Kwa kweli wale wanne si ndugu wa tumbo moja. Kuna wa mgongo mweusi. Kuna wa mistari ubavuni. Kuna wa masikio makubwa. Na kuna mwekundu, aliyeletwa kama zawadi kutoka nchi za theluji. Wote wanaitwa mbweha. Aliyeandika kadi zamani hizo alikuwa mchoyo wa kadi, au alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani.

Kuwatofautisha kwa macho imekuwa kazi. Aliyewajaza alipenda pamba, kwa hiyo wote ni wanene sawasawa. Jua la dirishani limewafifisha wote hadi wamekuwa rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Na yule wa masikio makubwa, masikio yake yalishaliwa na nondo. Kinachowatenganisha ni lebo za karatasi zilizofungwa kwa uzi miguuni, zenye namba za rejesta.

Mpango wenyewe ndio huu. Wageni wapige kura! Kila mtu achague mbweha halisi. Boksi la viatu la mke wangu nimelitoboa tundu, nikaliweka mezani na penseli. Ijumaa mkaguzi akute watu wamejaa.

Lakini uchaguzi lazima uwe wa haki. Mpiga kura akiona lebo ataegemea upande. Kwa hiyo nimezifungua lebo zote nne na kuzitia mfukoni mwa koti langu la kazi. Halafu nikafikiria: aliyekaa mbele ananufaika. Nikawahamisha. Nikawachanganya kama karata, macho nimeyafumba, ili hata mimi nisijue nani ni nani. Haki ni haki. Nikawawekea vibao: Kwanza, Pili, Tatu, Nne.

Mama Vumbi, mfagiaji wetu, akasimama mlangoni na ndoo yake. Akanung'unika kwamba Mwalimu hapendi kukaa juani. Nikamwambia leo hakuna mwalimu yeyote aliyekuja. Akanitazama kwa muda, akaenda zake. Masikini, miaka kumi na tisa ya vumbi imeanza kumwingia kichwani.

Kura za leo: saba. Dada wawili wamebishana nusu saa nzima. Nusu saa! Chumbani kwangu!

Jumatano, 18 Septemba

Ushindi! Dada wawili wa jana wamerudi na familia. Familia imeleta majirani. Kufikia mchana tumekata tiketi themanini na nane, na kwa kawaida tukipata tisa tunapongezana.

Kila mtu na mbweha wake. Muuza nyama mmoja kasimama mbele ya Tatu na kuapa kwamba ndiye aliyemmalizia kuku wake. Mama aliyebeba kapu akasema kwao mbweha ni yule anayelia jioni kama mtoto, na hapa hayupo hata mmoja. Mwanafunzi wa chuo akasema mbweha halisi ni mwekundu, amemwona vitabuni. Wakamuuliza mwekundu ni yupi. Akaangalia wote wanne, kisha akaangalia tena.

Nami nikapata nafasi ya kuhutubia. Nikawaeleza kwamba watu huhama na majina yao. Wakifika mahali papya na kukuta mnyama mwenye pua ya ncha, mkia mnene na tabia za wizi, hawana nguvu ya kutunga jina jipya. Wanampa lile walilokuja nalo. Nikawatajia panya, jina moja kwa wakubwa na wadogo, wa ghalani na wa porini. Nikawatajia sungura wa bandani na sungura wa mbugani, ambao wakikutana hawasalimiani. Nikawaambia fisimaji hana undugu wowote na fisi. Watu wakashangaa. Mzee mmoja akaandika kwenye kiganja.

Manyoya alikuwa amesimama nyuma, mikono kifuani. Nikamkumbusha mbele ya watu kwamba hata kwake kuna tai wanaowinda na tai wanaosubiri mizoga, wote kabati moja, jina moja. Akaondoka. Baadaye nikamwona anazungukazunguka karibu na boksi la kura. Nikakohoa. Akasema alikuwa anatafuta choo.

Kwa usalama wa mpango nimepiga kura kidogo mimi mwenyewe. Thelathini na moja tu. Zote kwa Tatu, kwa sababu mkia wake una hadhi, na mshindi lazima awe na sura ya kupigwa picha. Nimebadilisha mwandiko kila mara.

Nimerudi nyumbani nimechoka kwa furaha. Nimemtupia mke wangu koti na kulala kwenye kiti.

Alhamisi, 19 Septemba

Sijui nianzie wapi. Nianze na koti.

Asubuhi nilikuta koti langu kwenye kamba, safi, linadondoka maji. Mke wangu hufua Jumatano. Tumeoana miaka kumi na minne na hufua Jumatano, wala hajawahi kukosa. Akasema lilikuwa linanuka wanyama. Nikaingiza mkono mfukoni. Nikatoa kitu kama uji.

Lebo zangu!

Nikamwambia hakuna neno, nitaandika nyingine. Ndipo nikakumbuka nilivyofumba macho.

Nimekimbia kazini bila koti. Rejesta inasema Namba 41 ni wa mgongo mweusi, 42 wa mistari, 43 wa masikio, 44 wa nchi za theluji. Kuna safu ya mwisho ya alama za utambulisho. Paa lilivuja mwaka juzi, na safu hiyo sasa ni doa refu la bluu. Nikawatazama mbweha wangu. Nao wakanitazama. Nimewapima urefu. Nimewanusa. Nimewaweka kwenye mwanga na kwenye kivuli. Chai ya maziwa, wote wanne.

Katikati ya shida hiyo Mkurugenzi akaja kuhesabu kura. Zimepatikana nyingi kuliko tiketi. Thelathini na moja kasema zimeandikwa na mtu mmoja anayejaribu kuwa watu wengi. Arobaini ziko kwa wino wa kijani, na jengo zima mwenye kalamu ya kijani ni Manyoya. Zote arobaini zimeandikwa neno moja: NDEGE.

Kura zote zimefutwa. Sote wawili tumekaripiwa, mimi zaidi kwa kuwa nilikuwa karibu. Halafu Mkurugenzi akasema jambo lililonitia baridi. Mkaguzi kesho hatahesabu watu. Ataoanisha lebo na rejesta, mnyama kwa mnyama, aone kama wanaotunza chumba wanajua wanachokitunza.

Sikumwambia. Nilifungua mdomo, nikauliza kama atapenda chai.

Mchana mke wangu akaniletea koti likiwa limekauka. Nikamweleza yote. Yeye hufundisha hesabu. Akafikiri kidogo akasema lebo nne kwa wanyama wanne unaweza kuzifunga kwa njia ishirini na nne, na sahihi ni moja tu. Nikamshukuru kwa kunitia moyo. Akaniambia niende kwa Mkurugenzi nikaseme ukweli. Nikamwambia huo tuuweke akiba.

Nimeandika lebo mpya na kuzifunga kwa hisia. Kuongeza uhakika, nimechukua rangi nyeusi ya viatu na kumpaka mmoja mgongoni, taratibu, kwa brashi. Sasa wa mgongo mweusi yupo, mtu asilete ubishi. Amependeza kweli.

Lakini naandika ukweli hapa kwa kuwa hasomi mtu: naogopa. Si lango ninaloliogopa. Ni masanduku. Nimefikiria wale wote gizani, wamefungwa kwa misumari, hakuna wa kuwaambia habari za asubuhi. Mimi huwa nawaamkia. Sijawahi kumwambia mtu.

Ijumaa, 20 Septemba

Mkaguzi kafika saa tatu kamili. Mtu mrefu, mpole, suti ya kijivu, leso nyeupe mfukoni. Watu walikuwa wameshajaa chumbani, maana hawakujua kura zimefutwa. Muuza nyama amekuja na ndugu zake watatu, wote mashahidi wa kuku.

Kabati la kwanza salama. La pili salama. La tatu akaomba lifunguliwe. Akamsifu wa mgongo mweusi, akampapasa. Akatazama kiganja chake. Akatoa leso nyeupe na kukifuta. Akaitazama leso.

Manyoya, kutoka mlangoni, akamweleza mkaguzi kwa upole kwamba hiyo ni rangi ya viatu, na yeye mwenyewe huitumia. Sitamsahau!

Mkaguzi akatoa karatasi kwenye mkoba. Nakala ya rejesta yetu, kutoka makao makuu. Na safu ya alama ilikuwa nzima, kila herufi mahali pake! Akamgeuza mnyama wa kwanza chali, akalinganisha, akatikisa kichwa. Wa pili, kichwa. Wa tatu. Wa nne. Katika njia zote ishirini na nne nilichagua moja ambayo hakuna hata lebo iliyoangukia mguu wake.

Mkaguzi akasema kwa huzuni ya kweli kwamba hawezi kuacha mali ya umma kwa watu wasioijua. Akafungua kalamu. Mkurugenzi akanitazama. Nikatazama dari, pale paa lilipovuja.

Hapo ndoo ikawekwa chini. Mama Vumbi alikuwa ameingia na kitambaa chake begani. Akampita mkaguzi bila haraka, akasimama mbele yangu.

"Mwanangu," akasema, "umempaka Shangazi rangi ya viatu."

Nikauliza shangazi wa nani. Akamchukua yule mnyama, akampangusa mgongo, akamwambia mkaguzi kwamba huyu ndiye aliyetoka kwenye theluji, na mguu wa mbele wa kulia amepungukiwa kidole. Alimwita Shangazi kwa sababu alikuja kutoka mbali na hakuleta kitu. Mkaguzi akasoma karatasi yake. Akahesabu vidole. Akaandika tiki.

Akamchukua wa pili, macho yake yako dirishani, anapapasa tu. Huyu ni Mpangaji, siku zote ameinama kuelekea mlangoni kama anayehama nyumba. Ni yule wa mistari, na mguu wa nyuma wa kushoto ni wa mti. Mkaguzi akaugonga. Ulilia ko ko. Wa tatu ni Bi Harusi, anaangalia chini, wa mgongo mweusi, tumbo limeshonwa kwa uzi mwekundu. Kweli, mwekundu!

Wa nne akambeba mkononi. Akasema huyu ni Mwalimu, jicho moja kubwa kuliko jingine, popote unapokwenda anakuona. Wa masikio, kabla ya nondo.

Muuza nyama akanyoosha kidole, akasema huyo huyo ndiye mwizi wa kuku.

"Huyu hajawahi kula kuku," Mama Vumbi akasema. "Anakula mchwa. Masikio yale yote yalikuwa ya kuwasikiliza mchwa chini ya udongo. Ila kwa kuwa anaitwa mbweha, kila mtu anamdai kuku."

Muuza nyama akashusha kidole. Baadaye nilimwona amerudi peke yake mbele ya Mwalimu, ameshika kofia mkononi.

Mkaguzi akamuuliza Mama Vumbi kayajulia wapi yote hayo. Akasema paa lilipovuja ndiye aliyeikausha rejesta, ukurasa mmoja mmoja, na ukishika ukurasa mkononi lazima uusome. Yaliyobaki ni miaka kumi na tisa ya kuwapangusa. Mtu unayempangusa unamjua.

Mkaguzi akafunga kalamu. Akaifungua tena, akaandika kwa muda mrefu. Chumba kinabaki! Masharti mawili: kila mnyama apate kadi yake, na Mama Vumbi awasimulie wageni mara mbili kwa siku, kwa nyongeza ya mshahara. Mkurugenzi akaongeza sharti la tatu, linanihusu mimi. Niandike anayosema Mama Vumbi, na nisiguse mnyama yeyote.

Nimekaa chooni dakika tano nimelia. Kisha nimetoka na kuwaamkia wote upya, safari hii kwa majina.

Jumamosi, 21 Septemba

Nimeandika kadi nne. Mama Vumbi amesema na mimi nikaandika. Juu kabisa kadi zote zinaanza na MBWEHA, maana jina ni la wote na hakuna wa kumnyang'anya mwenzake. Chini yake kila mmoja na mambo yake: anakula nini, ametoka wapi, analia vipi. Kuna mistari ambayo ningeiremba. Alinikataza.

Wageni wengi. Walikaa hadi tulipowafukuza, na wawili waliniuliza choo kiko wapi wakiwa wanatoka, si wakiwa wanaingia. Haya ni maendeleo.

Mke wangu alikuja na dada yake. Wamemsikiliza Mama Vumbi, wamepiga makofi. Njiani nikamwambia mke wangu kwamba ukiangalia vizuri, bila mimi kuzitoa lebo hakuna ambaye angemgundua Mama Vumbi. Kwa hiyo mpango ulikuwa wangu. Dada yake alikohoa.

Wakati wa kufunga nikamsaidia Mama Vumbi kubeba ndoo. Nilikuwa na jambo linanisumbua. Chumba kizima amekipa majina, hata nguchiro asiye na mkia anaitwa Karani. Nikamuuliza na mimi huwa ananiitaje nisipokuwepo.

Akafikiri, akakamua kitambaa.

"Mbweha wa Tano," akasema.

Nimefurahi mno. Nimemshukuru mara mbili. Si kila mtu anahesabiwa miongoni mwa wale.

Jumatatu, 23 Septemba

Siku nzuri kuliko zote za mwaka! Manyoya amekuja chumbani kwangu mwenyewe, bila futi kamba. Amesimama kidogo mbele ya kadi mpya. Kisha akasema, akiangalia viatu vyake, kwamba tangu Jumatano chumba cha ndege ni kitupu, hata feni amezima. Akauliza kama mtu mwenye uzoefu anaweza kumshauri.

Mtu mwenye uzoefu! Nilimsamehe pale pale, pamoja na rangi ya viatu. Tukanywa chai kwenye kikombe chake kizuri. Nikamwambia dawa anayo ndani ya kabati. Ana tai watano na kadi moja. Kuna anayewinda, kuna wa mizoga, kuna wa samaki. Watu wapige kura: tai halisi ni yupi? Boksi la viatu ninalo, na mke wangu ana jingine.

Akaingiwa na wasiwasi. Akasema Mkurugenzi alinikataza kugusa mnyama. Nikamwambia Mkurugenzi alisema mnyama, na hawa ni ndege. Akaridhika. Si mtu mbaya, Manyoya, alikuwa anahitaji tu kuongozwa.

Tumeanza leo leo, kwa uangalifu mkubwa kuliko ule wa kwanza, maana nimejifunza mengi. Safari hii kura zina muhuri. Kalamu ya kijani imefungiwa kwenye mtoto wa meza. Tai wote watano nimewahamisha, nikawachanganya vizuri, macho nimeyafumba, na Manyoya naye nikamfumbisha. Haki ni haki.

Lebo zao nimezifungua kwa muda. Ziko salama mfukoni mwa koti. Mke wangu hufua Jumatano, na leo ni Jumatatu. Muda upo tele.